Barua ya Kuazima



Mwishoni mwa Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliwaita watu kwenye usaili wa kuandika katika mikoa kadhaa. Nafasi zilizotangazwa zilikuwa 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Walioitwa kuja kushika kalamu walikuwa 112,952. Ukitoa hapo unabaki na watu 22,075 ambao safari yao iliishia kwenye karatasi. Hawakuulizwa swali hata moja.

Sisemi wote hao walikosea barua. Wengi hawakuwa na sifa zilizotakiwa, na baadhi yao walijua hilo wakajaribu bahati. Hiyo ni haki yao, bahati haina kiingilio. Lakini kila aliyewahi kukaa kwenye chumba cha kuchambua maombi ya kazi anawajua watu wa aina nyingine: watu wenye shahada nzuri, wenye uzoefu, wanaoijua kazi kuliko hata anayewachuja, halafu wanaangushwa na karatasi waliyoituma kwa mkono wao. Hao ndio nataka niwazungumzie leo. Naomba radhi mapema, kwa sababu baadhi ya mambo nitakayoyataja yanachekesha, na walioyafanya hawakucheka.

Nimewahi kukaa kwenye chumba kama hicho, katika ofisi moja hapa Dar es Salaam ambayo jina lake tuliache. Bahasha za kaki zilijaa mezani, na nyingine zilikuwa kwenye boksi chini ya meza. Tulikuwa watatu. Barua ya kwanza niliyoifungua ilisema: mimi ni kijana wa Kitanzania, jinsia ya kike, mwenye umri wa miaka 24. Nikageuza ukurasa. Picha ndogo iliyobandikwa kwenye wasifu ilikuwa ya mwanamume mwenye ndevu, na kwa macho yangu alikuwa ameshapita 30. Nikadhani ni kosa la mtu mmoja. Mwenzangu wa kulia akasema, ‘Hebu ngoja, na mimi ninayo hiyo.’ Ya kwake ilikuwa imetoka kwa kijana mwingine kabisa, kozi nyingine, mkoa mwingine, lakini aya ilikuwa ile ile, na nukta iliyokosekana mwisho wa sentensi ya pili ilikosekana pale pale. Hadi tunakwenda kula mchana tulikuwa tumeshamfahamu yule dada wa miaka 24 kama ndugu yetu. Hakuwahi kutuomba kazi. Barua yake ndiyo iliyokuwa inazunguka.

Inazungukaje? Nenda karibu na chuo chochote kikubwa, iwe Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza au Morogoro. Utakuta steshenari, moja au kumi zimefuatana. Ndani kuna mashine ya kudurufu, kompyuta yenye kibodi ambayo herufi zake zimefutika, na kijana anayechapa haraka kuliko wewe unavyosema. Nje kuna bango: tunachapa barua, tunatengeneza wasifu, tunatuma maombi ya ajira, ya mkopo, ya kitambulisho cha NIDA, ya cheti cha kuzaliwa cha RITA. Ndani ya ile kompyuta kuna faili linaloitwa BARUA YA KAZI MPYA. Jina hilo lilikuwa la kweli siku moja, miaka mingi iliyopita. Unaingia, foleni ni ndefu, kesho ndiyo siku ya mwisho ya maombi, na tangu wiki iliyopita ulikuwa unasema utakwenda kesho. Kijana anafungua faili, anabadilisha jina la juu, anabadilisha jina la chini. Katikati hakuguswi.

Mimi simlaumu kijana huyo hata kidogo. Analipwa kwa ukurasa, na nyuma yako kuna watu wanne. Wewe ndiye unayekwenda kuisaini.

Ndipo benki inapopokea barua ya mtu mwenye hamu kubwa ya ‘kuwahudumia wagonjwa katika hospitali yenu tukufu’. Ndipo shule ya sekondari inapoombwa nafasi ya udereva na mtu aliyeambatisha shahada ya hisabati. Nimeona barua iliyoanza kwa ‘Ndugu Mkurugenzi’, ikaendelea kwa ‘Mheshimiwa Hakimu’, kwa sababu huko katikati ilikuwa imechanganyika na barua ya mtu aliyekuwa akiomba dhamana. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sijui mahali methali hiyo inapokaa vizuri kuliko kwenye barua ya kuomba kazi.

Mara nyingi anwani pekee hutosha kumfichua mwenye barua ya kuazima. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ile inayoajiri kwa niaba ya wizara, taasisi na halmashauri, siku hizi makao yake yako Dodoma, na kila tangazo lake linataja anwani ya Dodoma mwishoni, nambari ya sanduku la posta na yote. Ukiona barua ya mwaka huu bado imeelekezwa Dar es Salaam, jua mwandishi hakulisoma tangazo hadi mwisho. Alimuuliza rafiki yake, na rafiki naye alimuuliza kaka yake aliyeajiriwa zamani. Anayechambua haoni kosa dogo la anwani hapo. Anaona mtu aliyepewa maelekezo ya ukurasa mmoja akashindwa kuyafuata, na anajiuliza mtu huyo atayafanyia nini maelekezo ya mradi wa miaka mitatu.

Na siku hizi, msikilizaji, steshenari imeingia ndani ya simu. Mtu anaiambia programu imwandikie barua, programu inamwandikia kwa sekunde chache, barua tamu kweli kweli. Yeye anainakili yote kama ilivyo, pamoja na mstari wa juu unaosema ‘Bila shaka, hii hapa barua yako ya maombi ya kazi’. Halafu chini kuna mabano yanayosema weka jina la kampuni hapa, weka miaka ya uzoefu hapa. Mabano hayo yanafika kwa mwajiri yakiwa mazima. Sina ugomvi na programu hizo. Zinaweza kumsaidia mtu kupanga mawazo yake. Ila yule dada wa miaka 24 amepata mdogo wake, na huyu mdogo anaandika kwa madaha zaidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litaniletea simu za lawama. Kiingereza.

Matangazo ya kazi za Serikali yamekuwa yakieleza wazi kwamba barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Au. Mwombaji amepewa hiari. Hata hivyo asilimia kubwa ya vijana wetu wanakimbilia Kiingereza, si kwa sababu wanakimudu, ni kwa sababu wanaogopa kwamba barua ya Kiswahili itaonekana ya mtu asiyesoma. Matokeo yake tunayaona. Kijana mmoja alitaka kusema yeye ni mtu wa kutegemewa, akakosea mwisho wa neno, akajikuta amemwandikia mwajiri kwamba yeye ni tegemezi. Mwingine alitaka kusema yuko tayari kufanyiwa usaili siku yoyote. Alichoandika ni kwamba yuko tayari kumfanyia usaili mkurugenzi siku yoyote mkurugenzi atakayopata nafasi. Barua hiyo tuliipitisha mkono kwa mkono. Lakini nilipousoma wasifu wa kijana huyo nikaacha kucheka: alikuwa amesimamia ghala la chama cha ushirika kwa miaka minne, msimu wa pamba na msimu wa choroko, na hesabu zake alikuwa amezieleza kwa mpangilio mzuri. Alikuwa na jambo la kusema. Lugha aliyoichagua ndiyo iliyomziba mdomo.

Huyo huyo angeandika: kwa miaka minne nimepokea pamba, nimeipima, nimeandika stakabadhi na kufunga hesabu ya kila jioni, angekuwa ameshasema kila kitu. Sentensi moja, na kazi yote ipo ndani. Badala yake akaenda kutafuta yale maneno ambayo kila mtu anayatumia: mchapakazi, mwadilifu, mwenye kujituma, awezaye kufanya kazi bila kusimamiwa na chini ya shinikizo. Barua mia mbili zote zina shinikizo. Hakuna hata mmoja aliyeeleza shinikizo lenyewe lilikuwa lipi, lini, na alifanya nini.

Najua kuna waajiri wasiokubali Kiswahili: mashirika ya kimataifa, kampuni kubwa, baadhi ya benki. Hapo huna hiari, andika Kiingereza. Lakini andika kile chako, sentensi fupi, maneno unayoyajua, kisha mtafute mtu anayekijua akupitie. Kiingereza chepesi kilichonyooka hakijawahi kumnyima mtu kazi ya uhasibu. Kile cha kuvaa tai ndicho kinachomwangusha.

Nimetaja kucheka, na hapa lazima niseme neno kwa wale wanaokaa upande wangu wa meza. Kuna tabia imeingia maofisini. Ofisa anaona barua ya kuchekesha, anatoa simu, anapiga picha, anairusha kwenye kundi la WhatsApp. Kufika jioni barua imeshafika Nairobi na kurudi, na jina la mtu liko juu, nambari yake ya simu iko chini. Kijana anaamka asubuhi anakuta watu asiowajua wanampigia kumtania. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na imeanza kutumika tangu Mei 2023. Mtu alikupa jina lake, umri wake na anwani yake ili umfikirie kwa kazi, basi. Ukizitumia kwa burudani, wewe ndiye mwenye aibu, na aibu yako ni kubwa kuliko ya aliyekosea herufi.

Na maofisi nayo yasijione malaika. Nimeona tangazo la kazi lililotaka mtu mwenye umri usiozidi miaka 25 na uzoefu wa miaka 10. Nimeona lingine ambalo siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imepita kabla ya tarehe ya tangazo lenyewe.

Tuje kwenye vyeti, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoangukia kimyakimya bila hata kuchekwa.

Tangazo la Sekretarieti ya Ajira husema kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, na matokeo ya muda ya chuo hayakubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Linasema pia nakala za vyeti zithibitishwe na mwanasheria au wakili, na barua ya maombi iwe imesainiwa. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimepita kwa mamlaka inayohusika: TCU kwa shahada, NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati. Yote hayo yameandikwa, tena mengine kwa herufi kubwa. Hata hivyo watu wanapakia kwenye mfumo barua isiyo na saini, kwa hoja kwamba mfumo ni wa kompyuta, saini ya nini? Wanapakia karatasi ya matokeo kwa sababu cheti bado wanakisubiri chuoni. Wanapakia nakala ya cheti kabla haijagongwa muhuri, na ile yenye muhuri inabaki kwenye bahasha nyumbani, juu ya kabati.

Kisha kuna picha. Mtu hana mashine ya kuskani karibu, kwa hiyo anakitandika cheti kitandani na kukipiga picha kwa simu. Hilo si kosa, kama picha imetulia na maandishi yanasomeka. Lakini nimeona cheti cha kidato cha nne kilichopigwa picha juu ya kanga, na nusu ya maandishi ya ile kanga imeingia kwenye picha. Kingine kilikuwa na kidole gumba cha mguu pembeni. Kidole chenyewe kilikuwa kisafi, nakiri, lakini kilikuwa kimeziba nambari ya mtihani, na nambari ya mtihani ndiyo inayotumika kuhakiki cheti.

Majina. Hapa sicheki hata kidogo.

Mtoto anazaliwa, cheti cha kuzaliwa kinaandikwa Khamis. Anaanza shule, mwalimu wa darasa la kwanza anaandika Hamisi, kwa sababu ndivyo anavyosikia. Anafika kidato cha nne, cheti kinatoka na jina Hamis, bila irabu mwishoni. Anakwenda NIDA, karani anamuuliza jina, anajibu kwa sauti, karani anaandika anavyojua yeye. Jirani yake ni Yohana kwenye cheti cha kuzaliwa na John kwenye cheti cha shule. Dada yake alisoma kwa jina la babu, akaandikishwa NIDA kwa jina la ukoo. Nyumbani hakuna anayeona tatizo; Hamisi ni Hamisi, mama yake anamwita na anaitika. Mbele ya meza ya usaili Hamisi huyo mmoja ni watu watatu tofauti wenye vyeti vya watu watatu tofauti.

Wito wa usaili huwa unaeleza: msailiwa ambaye majina yake yanatofautiana kwenye nyaraka aje na hati ya kisheria ya kubadili jina, iliyosajiliwa. Wito huo huo unaeleza kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Unganisha mistari hiyo miwili. Kijana amekopa nauli, amelala kwa ndugu wa rafiki yake, amefika kituo cha usaili alfajiri na bahasha yake kifuani, na anayekagua vyeti anamwambia: ndugu, hizi herufi hazifanani, kaa pembeni. Herufi moja iliyowekwa na mtu mwingine, yeye akiwa na miaka saba. Naona hii ndiyo sehemu isiyo ya haki kuliko zote, na kwa maoni yangu ofisi zinazoandikisha watu zinapaswa kubeba mzigo huo, si Hamisi. Lakini kwa sasa mzigo ni wake. Kwa hiyo, kama una vyeti ndani, viweke kwenye meza moja leo, cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, kitambulisho cha taifa, uvisome jina kwa jina na tarehe kwa tarehe. Ukiona tofauti, anza kuishughulikia kabla kazi haijatangazwa, maana tangazo likitoka unabaki na siku chache tu. Na mzazi mwenye mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, muulize jina lake limeandikwaje kwenye orodha ya usajili. Umwombe akuandikie kwenye karatasi, usiridhike na kulisikia.

Nimeambiwa dakika zinakwenda, nipite haraka kwenye madogo. Barua pepe: ulipoifungua ukiwa kidato cha pili ulijiita bishoo wa mtaa fulani, tukakuelewa. Sasa unaomba uafisa wa mikopo, fungua nyingine yenye jina lako. Simu: uliyoiandika iwe hewani, na isiwe ya mjomba ambaye huongei naye. Faili: lisiitwe skani moja wala hati isiyo na jina, na kabla hujalituma hakikisha yale maoni ya rafiki yako pembeni yameondolewa. Kuna wasifu uliomfikia mwajiri ukiwa na maneno pembeni yanayosema, kaka hapa umezidisha, punguza.

Wadhamini wanahitaji kituo kidogo. Tangazo linataka majina matatu ya watu wa kuaminika wanaokufahamu. Watu wengi wanaandika majina bila kuwaambia wenyewe. Nilipiga simu moja ya namna hiyo.

‘Shikamoo mzee.’

‘Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?’

Nikajitambulisha, nikamtaja kijana, nikasema amemwandika yeye kuwa mdhamini wake. Upande wa pili kukawa kimya. Kisha mzee akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

‘Mdhamini? Amekopa wapi tena huyo?’

Ilinichukua muda kumtuliza. Alikuwa ameshanieleza, bila kuulizwa, kwamba shamba lake si la kuweka rehani, na kwamba kijana huyo mara ya mwisho walionana kwenye msiba. Nilipomweleza kwamba ni habari ya kazi alifurahi sana, akamsifu kwa moyo wote: mtoto mwenye adabu, anasalimia. Kuhusu utendaji wake wa kazi hakuwa na la kusema, na haikuwa kosa lake. Simu ya dakika moja kwa mzee huyo, shikamoo mzee, nimeomba kazi mahali fulani na nimekuandika, ingetosha.

Kabla sijamaliza, nitenganishe kosa na uongo, kwa sababu watu huvichanganya wanapobanwa. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932, na amri iliyotoka siku hiyo ilikuwa waondoke kazini. Katika hao walikuwapo watu waliokuwa kazini kwa miaka mingi, wenye watoto chuoni na mikopo benki. Hayo hayakuwa makosa ya kuandika. Lakini njia ya kufika huko mara nyingi huanza na kitu chepesi: miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo inayoandikwa kuwa ajira ya mwaka mmoja, kozi iliyoachwa katikati inayoandikwa kana kwamba ilimalizika. Anayekuchapia steshenari anakuambia ongeza kidogo, kila mtu anaongeza. Siku ya uhakiki yeye hatakuwapo. Kukosea herufi utasamehewa na mwajiri mwenye moyo. Ukidanganya, saini yako iko chini ya huo uongo na tarehe pembeni.

Kwa waliokwisha kuomba na hawakuitwa, jambo moja la manufaa. Katika mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira, mwombaji ambaye jina lake halikutoka huelekezwa aingie kwenye akaunti yake kuona sababu. Vijana wengi hawaingii. Jina likikosekana kwenye orodha wanasema tu kuna watu na watu wao, wanafunga simu, na mwezi unaofuata wanatuma nyaraka zile zile zenye upungufu ule ule. Kupendeleana kupo, sitawadanganya. Lakini kabla hujamlaumu mjomba wa mtu, ingia usome. Pengine wameandika kwamba barua yako haina saini, na saini ni jambo unaloweza kulimaliza jioni hii.

Na mwisho ni kwenu wenye steshenari, ambao najua mnanisikiliza kwa sababu redio haizimwi hapo kuanzia asubuhi hadi mnafunga. Kazi yenu ni kubwa, na vijana wengi wasingefika popote bila nyinyi. Nina ombi moja tu. Lile faili linaloitwa BARUA YA KAZI MPYA, lifuteni. Mteja akija, mpeni karatasi na kalamu, akae kwenye benchi hapo nje, aandike mwenyewe ni kazi gani aliwahi kufanya. Halafu mchapieni hiyo.